Eda Chini ya Turubai la Harusi

Milioni moja, laki saba na ishirini elfu. Nimehesabu mara mbili, mara ya kwanza kwa kichwa na ya pili kwa mashine, na zote mbili zimetoka sawa, kwa hiyo asinitokee mtu akasema nimezidisha. Hapo sijaweka viatu ambavyo sikuviuza siku zote hizo. Riziki yangu ni viatu vya mtumba, pale Bagamoyo mjini, na kiatu hakijiuzi chenyewe. Kinataka mtu wa kukisifia. Basi hiyo ndiyo hesabu ya upepo mmoja, nguzo moja ya umeme, na wanaume watatu wa tumbo moja ambao kila nikiwakumbuka natema mate, kisha natazama pembeni nisije nikawa nimemtemea mtu mwenye heshima zake.

Upepo wenyewe sina ugomvi nao. Ulikuja alfajiri moja ya masika, ukafanya kilichouleta, ukaenda zake. Ulipita Kaole ukabomoa vibanda, ukapita Mlingotini ukalaza minazi, ukateremka hadi Mapinga ukachukua mabati ya watu na kuyamwaga mashambani kama karata. Angalau haukujifanya ndugu wa mtu.

Dada yangu mkubwa anakaa huko Mapinga, ndani kidogo kutoka barabara kubwa ya kwenda Dar, kwenye nyumba ya vyumba viwili na sebule. Nyumba hiyo waliijenga yeye na mumewe kwa miaka mingi, tofali mwezi huu, bati mwaka ujao, na nusu ya tofali zile zilitoka kwenye vitumbua vyake alivyokuwa akichoma kila alfajiri. Watoto Mungu hakuwajaalia. Mume alikuwa amefariki, na upepo ulimkuta dada akiwa ndani ya eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane hukaa nyumbani kwake, hatoki ovyo, hajipambi, hajipaki manukato. Na dada yangu ni mtu ambaye jambo akilishika, amelishika. Hata uani alikuwa akitoka kwa haja tu, amejifunika gubigubi, akirudi mbiombio kana kwamba ameiba.

Asubuhi ile simu yangu ililia mara moja. "Mdogo wangu, paa limekwenda. Mimi nipo," akasema, ikakatika. Chaji ilikuwa imekwisha, na Mapinga nzima haikuwa na umeme wa kuirudisha.

Nilipofika nilikuta hivi: paa la sebule na chumba cha mbele halipo kabisa, limehamia shamba la jirani. Chumba cha nyuma kilibakiwa na mabati machache yanayopigapiga. Nguzo ya umeme iliyokuwa mbele ya nyumba imelala ubavu juu ya ukuta kama mlevi aliyesaidiwa kusimama, na waya wake umeshuka, umepita juu ya mpapai, ukakata uwanja katikati. Na kwenye baraza ya nyumba ya pili, wanaume watatu wamekaa wanakunywa kahawa.

Hao ndio ndugu wa marehemu. Wawili wadogo sina haja ya kuwaeleza, kazi yao ilikuwa kuitikia. Mkubwa wao ndiye msemaji, na hapa nitamwita shemeji kwa sababu adabu inanilazimisha, si kwa kupenda.

"Tumeshauriana," akaniambia, salamu yangu ikiwa bado inaning'inia hewani. "Hii ni dharura. Dini yetu nyepesi. Mjane ataondoka, akamalizie eda kwenu Bagamoyo. Nyumba sisi tutaifunga, tutaiangalia."

"Mtaifungaje? Haina paa."

"Mlango si upo?"

"Naam, mlango upo," akaitikia mdogo wake.

Hapo ndipo nilipoliona kufuli. Lilikuwa ndani ya mfuko wa shati, jipya, bado limebanwa kwenye karatasi yake ya dukani, zito mpaka linamvuta shati upande mmoja. Nyumba ya nduguyo imeezuliwa alfajiri, wewe umetoka mbio, umepita duka la mabati, umepita duka la misumari, umekwenda kununua kufuli. Nikamuuliza kalinunua kiasi gani. Akataja bei. Nikamwambia kapigwa. Hiyo ndiyo faraja pekee niliyoipata siku ile.

Kwa asiyeijua Mapinga ya siku hizi, nieleze. Zamani palikuwa shamba la mihogo na mikorosho. Sasa watu wa Dar wanakuja Jumapili na magari yao, wanashuka, wanapima ardhi kwa hatua za miguu, wanauliza "hapa kwa nani?" kabla ya kuuliza hali. Kiwanja cha dada kiko mahali gari inafika bila kuchubuka. Mirathi ilikuwa bado haijagawanywa. Kwa hiyo sikuhitaji kusoma popote kujua kwamba dada akitoka mle ndani na begi lake, hata kwa dharura, hata kwa wiki moja, kufuli lile litaning'inia mlangoni, na siku akirudi atabisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe akaambiwa asubiri kikao.

Na yeye alilijua hilo kabla yangu. Sauti yake ilitoka dirishani, nyuma ya pazia lililoloa: "Mdogo wangu! Hao wakimaliza kahawa yao waambie mimi sitoki."

"Dada, unalowa."

"Nimeshalowa. Jambo kavu nililonalo ni hilo la kutotoka."

Basi kazi ikawa moja: paa lirudi kabla dada hajashindwa. Nikaenda kumtafuta fundi. Mafundi wa Mapinga siku ile walikuwa wanatembea kifua mbele kama wabunge. Niliyempata akanitajia laki nne.

"Jana ungesema ngapi?" nikamuuliza.

"Mzee, jana hapakuwa na upepo."

"Na leo uko wapi? Umeshapita. Rudi kwenye bei ya jana."

Tulikwenda hivyo mpaka laki mbili na nusu, kila mmoja wetu akiapa kwamba mwenzake anamuua. Akaja, akatazama nguzo, akatazama waya, akakuna kichwa. "Mzee, mimi huko juu sipandi. Ule waya sijui una moto au hauna, na njia ya kujua ni moja tu. Uondolewe kwanza, ndiyo uniite."

Nikapiga simu kwa watu wa umeme kutoa taarifa. Nikaambiwa imepokelewa. Baadaye nikapiga tena kuhakikisha, nikaambiwa hiyo nayo imepokelewa. Nikauliza watakuja lini. Nikaambiwa nguzo zimeanguka nyingi, wanafuata mahali penye watu kwanza, sehemu zisizokaliwa zitasubiri. Maneno hayo niliyaona ya haki, nikayasikia yakapita, sikuyatia maanani. Shemeji alikuwa amesimama karibu, na yeye aliyasikia. Yeye aliyatia.

Ilibidi dada apate kitu cha kumfunika. Maturubai ya maana yote yalikuwa yamekwisha. Aliyekuwa anayakodisha kwa bei ya kawaida juzi, leo alikuwa anakuuliza kwanza una kiasi gani. Mwishowe nikamwangukia mama mmoja mpambaji wa kumbi.

"Lililobaki ni la harusi," akasema.

"Nipe hilo hilo."

"La waridi na dhahabu, baba. Lina malinda pembeni. Lina na taa zake za kumetameta, ila ndiyo hivyo, umeme hakuna."

"Basi toa taa, upunguze bei."

"Taa huwa sizitozi."

"Kama huzitozi, kaa nazo unipunguzie hivyo hivyo."

Akacheka. "Bi harusi ni nani?"

"Mjane. Yuko eda, paa limeezuliwa."

Kicheko kikakatika. Akanitajia elfu kumi na tano kwa siku, kwa ajili ya Mungu. Nikamwambia kumi. Akanitazama kama mtu anayetazama kitu kilichokanyagwa. Tukaachana kwenye kumi na mbili, na naona hata Mungu aliona ile ilikuwa bei nzuri.

Tulilifunga ndani ya kuta za chumba cha nyuma, mbali na waya, mimi na jirani mmoja, huku dada amejibanza bafuni ili jirani asimwone. Alipotoka akaliona, akakaa kitandani, akalitazama juu kwa muda mrefu. Malinda ya waridi yalikuwa yanapepea. Katikati palikuwa na moyo mkubwa wa dhahabu.

"Siku ya ndoa yangu," akasema taratibu, "marehemu alisema pesa ya turubai hana."

Akacheka mpaka akalia, kisha akalia mpaka nikatoka nje.

Nje, mdogo wa shemeji alikuwa ameshapata la kusema, yeye ambaye siku zote hana. "Lakini mjane si hatakiwi kujipamba?"

"Hajajipamba yeye. Limejipamba paa."

"Watu watasemaje?"

"Watasema walau mimi nimeleta malinda. Wewe umeleta nini?"

Hakuwa ameleta kitu. Hakuna aliyekuwa ameleta kitu. Katika siku zile za giza nilijifunza kwamba ndugu wa mume huja na vitu viwili, fatuwa na njaa. Walikuja kila siku kuuliza kama mjane ameshabadili mawazo, na kila siku walikuwepo chakula kikipakuliwa. Umeme haupo, barafu ya jokofu la dada ilikuwa imeyeyuka, samaki alionihifadhia humo wote ikabidi wakaangwe kwa mkupuo mmoja. Shemeji alikula wa kwanza, akasema chumvi haitoshi.

Na Mapinga nayo, ilivyokosa umeme, kila mtu akageuka mfanyabiashara. Mshumaa ukapanda bei mpaka ukawa kama wenye nasaba. Kinyozi mwenye jenereta aliacha kunyoa, akawa anachaji simu. Ukilalamika bei, anakuuzia nusu chaji. Nilinunua nusu chaji mara mbili, nikagundua nusu mbili zake hazifiki moja nzima. Nikamwambia. Akaniambia nikachaji kwa mwingine. Mwingine hakuwepo. Nakiri, kwa yule kijana heshima ninayo kidogo.

Ikanibidi nirudi mjini kufungua biashara, japo nusu siku. Na ndiyo siku hiyo hiyo watu wa umeme walipokuja.

Kesho yake nilipofika Mapinga nilikuta redio zinapiga kelele mtaa mzima, mashine ya kukoboa inanguruma, kinyozi amerudi kwenye vichwa vya watu. Nikafurahi mpaka nilipofika kwa dada. Nguzo iko pale pale, imelala ukutani. Waya uko pale pale. Walichofanya ni kuukata upande wa pili wa njia, wakawasha mtaa, wakaondoka. Nyumba zote zina umeme isipokuwa yenye mwanamke anayelala chini ya moyo wa dhahabu.

Nikaingia ndani. "Dada, walikuja?"

"Walikuja."

"Wakasema nini?"

"Wameuliza hapo nje, humu mna mtu? Shemeji yako akawaambia hamna mtu, mjane kahamia kwao. Wakasema basi hii itasubiri."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Mimi hapa na wao pale." Akaonyesha dirisha. Mkono ungefika.

"Sasa si ungesema?"

"Niseme na wanaume nisiowajua? Niko eda."

"Dada!"

"Nimegonga sufuria. Nimegonga na mwiko mpaka mwiko ukavunjika. Nikamsikia mmoja anasema, hilo bati linapigapiga, litamwangukia mtu."

Mambo mengine mtu akikusimulia unakosa pa kushika. Alikuwa ameishika eda vizuri kiasi kwamba nyumba imeandikwa haina mtu. Nikamuuliza ni nani alimwambia mjane hasemi na mwanamume hata nyumba ikimwangukia.

"Shemeji yako. Tangu siku ya matanga. Kasema sauti ya mwanamke wa eda isivuke kizingiti."

"Mimi na wewe si tunasema?"

"Wewe ndugu yangu."

Sikubishana. Nikaenda kumchukua maalimu wa madrasa ya pale jirani, mtu wa makamo, mpole, aliyekuwa anaokota vitabu vya watoto na kuvianika juani. Akaja, akasimama kwenye kona ya nyumba, uso ameuelekeza kwenye mpapai, akatoa salamu.

Kimya.

"Mwitikie, dada," nikasema.

Ikatoka sauti ndogo: "Waalaikumu salamu."

"Mama, nani kakwambia usiseme?" maalimu akauliza. "Mwenye haja anasema. Unamwambia muuza maji, unamwambia daktari, unamwambia fundi. Kukaa eda si kuwa bubu. Na kama nyumba haikaliki, ruhusa ya kuhama unayo pia."

"Hiyo ya kuhama siitaki, maalimu."

"Si lazima."

"Basi ile ya kusema naichukua."

Maalimu akatabasamu kwa mpapai. Nikamuuliza kama naye atataka kitu kwa fatuwa yake, maana nimezoea. Akasema hapana. Nikahesabu tena, bado ikawa hapana. Ni mtu pekee katika habari hii yote ambaye sikupata nafasi ya kumwomba apunguze bei.

Nikaenda kwenye ofisi ya umeme. Kijana wa dirishani akaangalia kwenye kompyuta, akasema tatizo la Mapinga limeshatatuliwa. Nikamwambia nguzo imelala juu ya nyumba. Akasema kwenye mfumo haijalala. Nikamwambia basi mfumo uje ukae chini yake. Akaita mtu wa pili kwenye foleni.

Nilitoka nikiwa na hasira za kutosha kuvunja kitu, ila vya kuvunja pale havikuwa vyangu na ningelipishwa. Nje, chini ya kibanda cha mama wa chai, mafundi wa umeme walikuwa wanakula chapati kando ya gari lao. Mimi nikimwona mtu naanzia miguuni. Ni ugonjwa wa kazi. Mkubwa wao alikuwa amevaa buti lililopasuka ubavuni, amelifunga kwa waya.

"Kaka, unapanda nguzo na hilo?"

"Tumeomba mapya. Bado yanakuja."

"Namba ngapi, arobaini na tatu?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Umejuaje?"

Sikumpa rushwa, na naomba hilo lieleweke. Nilimuuzia. Kwenye mfuko wa bidhaa niliotoka nao mjini nilikuwa na buti gumu la mtumba, soli nene, lililotoka kwenye robota zuri, na nilimuuzia kwa bei ile ile niliyonunulia, jambo ambalo sijawahi kumfanyia hata mtoto wa mama yangu. Wakati analijaribu, amesimama kwa mguu mmoja, nikamweleza habari ya dada. Akasitisha kufunga kamba.

"Ile nyumba ya waridi? Tuliambiwa ile haina mtu. Nilidhani pale kuna ukumbi wa harusi umevunjika."

"Mna mjane mle."

"Yule mzee aliyekuwa hapo nje aliapa, bwana."

Wakaja alasiri ile ile. Shemeji alikuwepo, kama kawaida karibu na wakati wa chakula, na alipoliona gari akainuka upesi akawawahi njiani.

"Hii mliimaliza jana," akasema.

"Mzee, si ulituambia hamna mtu humu?" fundi akamuuliza.

"Nilimaanisha," shemeji akaanza, akatafuta maneno juu ya paa ambalo halipo, "nilimaanisha hamna mwanamume."

Pazia la dirisha likatikisika.

"Hodi wenyewe!" fundi akaita. "Kuna mtu?"

"Karibuni. Mimi ndiye hamna mtu."

Fundi akarudi nyuma hatua moja na buti lake jipya. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenisikia jana nikigonga sufuria?"

"Mama, tulidhani bati."

"Bati lina mwiko? Nimelala siku zote hizi chini ya malinda, na nguzo yenu imeniegemea kama mume, na shemeji yangu huyo aliyesimama hapo na kufuli mfukoni ananihesabu sipo. Usimwangalie yeye, baba, niangalie mimi, usije ukaambiwa tena umeona bati. Nilimpikia samaki. Alisema chumvi haitoshi! Shemeji, unanisikia? Miaka kumi na tisa nimeolewa humu, tofali za ukuta huo mlioegemea ni vitumbua vyangu, na siku nduguyo anaumwa ulikuja mara moja, ukaomba nauli ya kurudia. Leo sauti yangu isivuke kizingiti? Haya, imevuka. Ifunge na kufuli lako!"

Alisema mengine pia ambayo hayaandikiki. Miezi miwili ya ukimya ilitoka pale dirishani kwa mpigo mmoja. Majirani walitoka. Kinyozi alitoka na mteja aliyenyolewa upande. Wadogo wa shemeji, wale wa kuitikia, walitafuta la kuitikia wakalikosa. Shemeji mwenyewe alisimama mpaka mwisho kwa sababu kuondoka katikati kungeonekana ni kukimbia, na alipopata upenyo akasema anawahi sala. Sala ya wakati gani sijui, tulikuwa tumeshaisali.

Mafundi waliinua nguzo, wakaurudisha waya, wakaondoka na soda nilizowanunulia, baada ya kuhakikisha muuzaji amenipa kwa bei ya kawaida. Siku ya pili fundi wangu wa paa akapanda.

Kazi ile nayo ilikuwa na ustaarabu wake. Fundi akiwa juu anaona chumba chote chini, na dada alikuwa ndani ya eda bado. Kwa hiyo ikawa kila anapotaka kusogea upande wa pili, anasimama juu ya boriti, anafumba macho, anapiga kelele: "Hodi!"

"Subiri!" dada anajibu kutoka chini, anakusanya khanga zake, anahamia bafuni. "Haya!"

"Nipite?"

"Pita, ila usichungulie sufuria, mchuzi haujaiva!"

Sijawahi kuona nyumba inayobishwa hodi kutoka juu. Mabati nilinunua kwa kuvizia, maduka matatu, nikiwaambia wa pili bei ya wa kwanza iliyopungua kidogo kuliko alivyosema. Bati la mwisho lilipopigwa msumari, giza likaingia chumbani, dada akawasha taa, ikawaka. Akakaa pale kitandani akiitazama balbu. Hakusema asante, kwetu ndugu hawashukuriani kwa maneno. Alisema tu, "Turubai rudisha leo, wasije wakakuhesabia siku." Hapo nikajua kweli tumetoka tumbo moja.

Alikaa mle mpaka eda ikaisha. Akaoga, akavaa, akatoka mlangoni mwake kwa miguu yake, mchana, watu wanamwona. Kufuli halikuning'inia popote.

Ningeishia hapo kama hawa watu wangekuwa na haya. Lakini baada ya eda kikafuata kikao cha mirathi. Sheria iko wazi na sina neno nayo: mke asiye na mtoto robo yake, kilichobaki ni cha ndugu wa marehemu. Dada alishajiandaa. Ana akiba ya vitumbua, ana cherehani mbili za kuuza, alitaka kuwalipa sehemu yao, abaki na nyumba yake. Kabla ya upepo nyumba ile, na mabati yake yenye kutu, angeiweza. Kwa shida, lakini angeiweza.

Shemeji akaja na dalali wa kuithamini. Dalali akazunguka, akagonga ukuta, akatazama juu.

"Paa jipya kabisa hili," akasema.

"Jipya," shemeji akaitikia, akajipanga vizuri kwenye kiti. "Geji nzito."

Akalisifia paa langu pale mbele yangu kama mimi ninavyosifia kiatu. Bei ikapanda kwa zaidi ya mabati yenyewe yalivyogharimu, na robo tatu ya kile kilichopanda inakwenda kwao, na dada ndiye wa kuilipa. Nikasema paa ni langu, litolewe kwenye hesabu kwanza. Shemeji akaniuliza kama nilimkopesha marehemu. Nikasema marehemu alikuwa ameshazikwa. "Basi si deni la marehemu," akasema. "Ulitoa sadaka. Mungu akulipe." Wadogo zake wakaitikia amina. Dada akanitazama. Akiba yake alishaijua haifiki tena.

Wamempa mwisho wa mwezi. Asipofikisha, nyumba inauzwa kwa mtu wa Dar, agawiwe robo yake, atoke.

Shemeji, kama utasomewa haya, nataka milioni yangu moja, laki saba na ishirini elfu itolewe kabla hamjagawana chochote. Ya sadaka nitatoa mwenyewe nikitaka na kwa nimtakaye. Na nyinyi wengine, mnaojua mirathi kuliko muuza viatu, nishaurini upesi. Nikipanda nikayang'oa mabati yote, bei itashuka, dada ataweza kuwalipa, lakini atalipia nyumba huku ananyeshewa. Nikiyaacha, atatolewa akiwa mkavu. Mafundi wawili wako tayari, na mmoja ameshapunguza bei. Niwaambie wapande, au mna njia nyingine?